Kisima cha Maji Baridi

Musembi alikuwa mchimba visima, na alijivunia kina. Hakukuambia kisima kiko kwa nani. Alikuambia kina pima ngapi. Kazi alijifunzia kwao Yatta, Ukambani, ambako chini ya udongo haba kuna jiwe jeusi la kuvunja mitaimbo. Mwalimu wake wa darasa la sita aliwafundisha kuwa jiwe lile zamani lilikuwa moto, likatoka tumboni mwa ardhi, likatiririka kama uji na kufunika bonde zima la mto. Ndiyo maana ukilitoboa unakuta kokoto za mto, na kwenye kokoto maji ya kutia meno ganzi. Kutokana na hayo Musembi akajitungia kanuni yake: anayeacha kuchimba ni mvivu.

Alishuka nayo pwani mwaka 1984, mwaka wa ukame, pamoja na mtaimbo na kipande cha jiwe jeusi alichokifanya timazi ya kupimia unyoofu wa kisima.

Kanze, mjane wa Kigiriama wa Kibarani, Kilifi, ndiye aliyemwita. Bomba la mtaani lilikuwa likitoa matone, na wajukuu wanne walimtazama yeye. Kisima kikishindikana, angehama mji alimozikwa mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe chimba hata upate maji baridi, kisha uache. Usipite hapo."

Akaenda Rabai kumuuguza dada yake, akamwacha shemejiye Masha avute kamba.

Ulikuja mchanga mwekundu, ukaja mweupe, kisha jiwe la matumbawe lenye makombe ndani. Musembi alilicheka. Jiwe gani hilo lililojengwa na vidudu vya bahari, linakatika kama muhogo uliochemshwa? Siku ya tisa, pima ya saba, maji yakachomoza.

Masha alivuta ndoo juu, akateka kwa kata, akanywa. "Haya maji baridi, bwana. Yatosha."

Musembi akatia mkono. Vuguvugu. "Baridi gani hii? Haya ni ya kuogeshea mtoto."

Alidhani Masha amechoka na kamba. Masha naye akajiambia fundi ni fundi, akashika kamba tena. Kwa hiyo wakachimba pima moja zaidi, Musembi maji yakimfika kifuani, moyo wake mweupe kabisa.

Kanze aliporudi alipokewa kwa kata iliyojaa. Akanywa funda moja, akatema.

"Munyu," alisema.

Neno hilo halikuhitaji mkalimani, maana kwa Wakamba pia chumvi ni munyu. Kanze aliketi juu ya lundo la mawe yaliyotoka kisimani, akalia bila sauti. Musembi aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwahi kuiona katika kazi yake.

"Mama, uliniambia baridi. Yale ya kwanza yalikuwa na joto."

Kanze akamtazama Masha. Masha akatazama miguu yake.

"Maji baridi ni yasiyo munyu, mwanangu. Huku kwetu maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Wewe umepitisha mwiko hadi chini."

Musembi angeweza kubishana kuhusu Kiswahili, na watu wa bara hawashindwi kwa ubishi. Lakini kuuliza si ujinga, naye hakuwa ameuliza. Sasa akauliza.

"Nikiyarudisha mawe?"

"Labda. Sijui."

Siku nne alikuwa akitupa chini alichokitoa kwa jasho lake, mtu ambaye hajawahi kufukia hata shimo la muhogo. Pima ya nane ikajaa. Halafu kila alfajiri yeye na Masha waliteka maji ya munyu na kumwaga, kisha wakaacha kisima kipumzike. Kila alfajiri Kanze alionja, akatema. Watu wa mtaa walipita wakimuuliza fundi anachimba kuelekea wapi. Yeye aliteka tu, wala hakuondoka.

Asubuhi ya kumi na saba Kanze alionja, hakutema. Akanywa tena. Akaimaliza kata yote, akateka nyingine na kumpa Musembi.

"Baridi," alisema.

Musembi akanywa. Yalikuwa vuguvugu vilevile.

"Baridi kabisa, mama."