Aliyeimba Ndani ya Saksafoni

Magunia saba ya kahawa kavu. Hiyo ndiyo gharama ya saksafoni ya rafiki yangu, na ninaijua kwa sababu mimi ndiye niliyepatana bei, nikapatana vibaya. Jumanne iliyopita tulimzika kwao, kando ya Ziwa Nyasa. Nilihesabu pikipiki za waombolezaji, nikazirudia: zilizidi zile za mazishi ya diwani, naye diwani alikuwa na ndugu wengi.

Shule yake ya kwanza ilikuwa kibuyu. Katika mganda, ngoma ya vijana wa ziwani wanaojipanga kama askari, wanamuziki huimba ndani ya vibuyu vyenye utando mwembamba unaoikwaruza sauti. Hawapulizi, wanaimba. Basi alipopanda Mbinga kuomba kazi kwenye bendi ya jazz ya shirika moja la kahawa, akapewa saksafoni ajaribu, aliitia mdomoni akaimba kwa nguvu zake zote. Saksafoni kimya. Bendi nzima ilicheka mpaka mpiga besi akakaa chini. “Wee Mnyasa, unaongea na samaki?” mpiga ngoma akamtania. “Puliza!” Naye akajibu, “Kwetu chombo husalimiwa kwanza.” Walimchukua kwa jibu hilo, nadhani. Alijifunzia kupuliza kwenye ghala tupu, midomo ikichanika na kupona, ila kuimba hakuacha: alipuliza na kuimba kwa pamoja, sauti ikatoka na mkwaruzo ambao wachezaji wa Songea waliutambua wakiwa bado nje wanakata tiketi.

Kisha soko likaachiwa huru. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, shirika likakosa kahawa, bendi ikavunjwa, na vyombo vyote vikanunuliwa na bwana mmoja mwenye lori aliyetaka kuvipeleka Dar es Salaam. Rafiki yangu hakuwa na ufundi mwingine. Saksafoni ikipanda lori, naye kwisha. Akanifuata sokoni nilikokuwa nauza mitumba, tukaenda wote lilikopakia lori, penye mizani ya kahawa.

“Magunia kumi,” akasema mwenye lori.

“Ipulize kwanza, bosi, tusikie kama nzima,” nikamwambia.

Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ikatoka pumzi tupu.

“Pole sana. Hiyo ni maiti. Tukupe matano ukapunguze mzigo?”

Yule bwana alikwishaanza kukubali kwa kichwa. Ghafla rafiki yangu akamnyang'anya chombo, akapiga. Wapagazi wakatua magunia. Mwenye mizani akaacha kupima. Bei ikapaa, nikaivuta kwa jasho mpaka saba.

“Kaka, umejipandishia bei mwenyewe!” nilimfokea njiani.

“Na wewe ukaiita maiti, nami nasikia.”

Mavuno ya shamba la mkewe kule Mkumbi mwaka ule yalikuwa magunia tisa. Mama yule wa Kimatengo alitoa saba, akasema tu, “Mahindi tunayo. Mwanamume asiye na kazi huinunisha nyumba nzima.”

Miaka ile wengi waliuzwa pamoja na mashirika yao: mtu alikuwa karani, shirika likafa, naye akabaki “karani wa zamani” mpaka kaburini. Huyu hakukubali cheo hicho. Vilipokuja vinanda vya umeme vinavyofanya kazi ya watu sita, alisimama kando yavyo harusini akapiga, na maarusi wakamlipa yeye kwanza. Najivunia kwamba nilishindwa kumnunulia kwa matano. Tena nimejifunza kutoharakisha kumfuta mwanafunzi kosa alilokuja nalo kutoka kwao. Kama bendi ingemfundisha vizuri kabisa, tungepata mpulizaji kama wengine.

Sasa mjane wake amenikalisha. “Shemeji, kwaya ya parokia inaiomba saksafoni. Watu wa mganda wanasema ni yao. Na mfanyabiashara ametaja bei nzuri. Watoto wangu hakuna ajuaye kuipiga. Nifanyeje?” Anataka neno langu kabla ya arobaini. Ninyi mliowahi kurithi chombo ambacho nyumbani hakuna wa kukipiga, niandikieni: mlifanyaje?