Jabia Lililojaa Nzige

Nzige walipotushukia kijijini kwetu Kizingitini, miaka michache kabla ya vita vya Mngereza na Mjarumani, nilikuwa mzazi. Mwanangu wa kwanza, mtoto wa kike, alikuwa hajatimiza siku arubaini. Mume wangu alikuwa amekwenda Amu, mjini Lamu, kuuza samaki, na nyumbani tulibaki mimi na mavyaa, mama yake.

Sitasimulia sana jinsi mashamba yalivyoliwa. Watu walipiga masinia na madebe mpaka mikono ikawauma, na mtama ukaliwa vilevile, vikabaki vijiti. Mavyaa aliwakaanga nzige wachache kwa chumvi, akaniletea kwenye kisahani. Nilimla mmoja. Mguu wake ulinikwama kooni ukinikwaruza, nikatapika palepale kitandani.

Kisha upepo ukawasukuma baharini, nasi tukamshukuru Mungu. Maji yalipojaa, bahari ikaturudishia mizoga yao. Ililala ufuoni tabaka juu ya tabaka, hata aliyetaka kufika kwenye mtumbwi wake alizama magotini ndani ya kitu laini kinachochuruzika. Sisi ni watu wa samaki. Papa mkavu kwetu hanuki. Ule ulikuwa uvundo mwingine, wa utamuutamu, uliokaa juu ya ulimi kutwa nzima. Na samaki ukimpasua, tumbo lake limejaa mabawa.

Lakini baya kuliko yote lilikuwa jabia. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, kwa hiyo tulikunywa ya mvua, yaliyowekwa katika jabia la msikitini, birika kubwa la mawe lililo wazi juu. Nzige walitumbukia humo kwa mafungu, wakavimba, wakapasuka. Maji yakawa mazito kama mchuzi uliolala, yana utando wa mafuta. Wanaume walikaa barazani wakajadiliana, na mwalimu wa msikitini akatoa hukumu kwamba mzoga wa nzige si najisi.

Mavyaa alikuwa amesimama pale na mtungi wake mtupu. "Bwana, si najisi, nimesikia," akasema. "Basi utayanywa?"

Mwalimu aliinuka, akaenda zake. Hakuyanywa.

Palikuwa na tajiri mmoja mwenye jabia lake ndani ya ua, limefunikwa vizuri. Alisema maji yake ni ya jamaa zake tu. Mavyaa alipokwenda kuomba, alimkuta mtumishi wa tajiri akimwosha punda kwa maji hayo. Nikimfikiria punda yule, amelowa anang'aa, roho hunichafuka kuliko nikiwakumbuka nzige.

Tuliyachuja yale ya msikitini kwa leso, tukayachemsha na tangawizi. Nikiyatia kinywani tu, yanarudi. Maziwa yakanikauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, kisha akaacha hata kulia.

Jirani yetu, mke wa mvuvi, alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Mwanawe wa kiume alikwisha kuanza kutembea lakini bado alikuwa ananyonya. Asubuhi moja wanaume waliposema tungoje mvua, yeye aliwauliza, "Mvua inyee juu ya uozo?" Akawaita wanawake wenziwe, wakafunga leso vifuani, wakaingia jabiani. Maji yaliwafika kiunoni. Walizoa mizoga kwa vikapu. Kutoka dirishani niliwasikia wakitapika, wakichekana, wakaendelea kuzoa.

Mavyaa alimwendea jirani hukohuko, akamwomba maziwa. Kitambo kidogo nikasikia sauti ya jirani uchochoroni, akitaka apishwe njia: "Nipishani ndia!"

Aliingia chumbani mwangu vilevile alivyotoka jabiani. Vipande vya mabawa vilimganda nyweleni, ute wa kijani ulimkaukia mikononi, na ule uvundo uliingia naye ukajaza chumba. Niliziba pua.

"Bi, nipa mwana," akasema.

"Oga kwanza."

"Kwa maji gani?"

Mavyaa alichota maji ya chumvi ya kisimani, akammwagia jirani kifuani, akamfuta kwa upindo wa leso yake. Mikono yake jirani hakujali kuiosha. Alimchukua mtoto, akamweka titini, nami nikageukia ukuta. Sikuona chochote. Nilisikia tu mtoto akimeza kwa pupa. Mlangoni mwana wa jirani alikuwa akilia.

"Na wako je?" nikamwuliza.

"Yule ana meno. Atakula sima."

Alikuja hivyo kila siku, akitoka jabiani, ananuka, mpaka wakalimaliza na kuzisugua kuta zake kwa mchanga. Mume wangu aliporudi na mitungi ya maji kutoka Amu, mavyaa hakumruhusu kuuingiza hata mmoja ndani. Wa kwanza ulipelekwa kwa jirani. Yeye akawapa wenziwe wa jabiani wanywe, kisha akaoga kwa kikombe kimoja.

Mvua ilinyesha, jabia likajaa, na maziwa yangu yakarudi. Watoto wetu wakawa ndugu wa kunyonya. Hawawezi kuoana, na wamegombana kama ndugu maisha yao yote. Yule mwanamke amekuwa mama wa pili wa binti yangu.

Lakini mimi kinyaa hakikuniisha. Mume wangu huvua kamba wakubwa ambao watu wa Amu huwapigania. Nikiona miguu ile na yale macho yakichungulia ndani ya chungu, hutoka nje. Jirani huja akala sehemu yangu, akinicheka, huku akinyonya kila mguu mpaka mwisho.