Mume wangu anataka nimchagulie bunduki ya ndege

Admin, nifichie jina tafadhali, maana familia yote ya mume wangu inafuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 43, tuna watoto wanne, tunaishi Bulengera hapa Butembo. Tulikimbia kutoka upande wa Mabalako, tukaacha nyumba na shamba la kakao. Siandiki ili kulalamika juu ya vita, kila mtu huku ana habari zake na tumechoka kusimuliana. Naandika juu ya bunduki ambayo hata haijafika kwangu, lakini tayari imenitenga na mume wangu.

Mimi ni binti wa mwindaji. Baba yangu, kule Mutwanga, alikuwa na bunduki ya kuwindia, kalibre 12, yenye karatasi zote, akiwinda kanga, kwale na njiwa pori. Mimi ndiye nilikuwa nabeba ndege, kwa hiyo alinifundisha. Alikuwa anasema bunduki inapimwa mwilini kama shati: funga macho, ipandishe begani, shavu liguse mti wa kitako, kisha fungua macho. Ukiona mtutu umenyooka mbele yako bila kuusogeza, hiyo ni yako. Hali ilipoharibika aliirudisha mwenyewe kwa serikali. Haikumsaidia. Watu wenye silaha walikuja kuitafuta, hawakuamini kwamba ameirudisha, wakaondoka naye. Hadi leo hatuna kaburi lake. Mume wangu anajua yote haya.

Na yeye ana yake. Siku tuliyokimbia alibaki nyuma, akajificha katikati ya mikakao akisikia milio ya risasi tangu asubuhi hadi giza. Alitoka bila jeraha, tukamshukuru Mungu kanisani. Lakini tangu hapo, tairi ya pikipiki ikipasuka barabarani, anajitupa chini, hata katika duka letu dogo mbele ya wateja. Kuna watu wanacheka. Mimi namwinua, nampangusa vumbi, naendelea kupima mchele kama vile hakuna kitu. Nimechoka, jamani. Nimechoka hata kumhurumia.

Kaka yake ni mfanyabiashara Kampala. Mwaka huu mume wangu alimtembelea, na siku moja akapelekwa mahali ambapo watu wanalenga visahani vya udongo. Kuna mashine inavirusha hewani kama ndege anayeruka, na wewe unavipiga kabla havijaanguka. Alirudi na uso ambao sikuwa nimeuona tangu harusi yetu.

"Mama ya batoto, kule batu banapiga bunduki na banacheka! Banapiga, kisha banakunywa chai. Na mi nilipiga. Wakati njo mi mwenyewe nilikuwa nayo mu mukono, sikuogopa hata kiloko."

Kaka yake ana bunduki mbili za namna hiyo. Anataka kumpa moja, karatasi atazishughulikia yeye. Kazi iliyobaki ni kuchagua, na mume wangu hajui bunduki, ndiyo maana akaniletea picha kwenye simu.

Nikamuuliza, "Lakini papa ya batoto, utaipigia wapi? Hapa mutu akisikia mulio hapana uliza kama ni ndege. Anabeba mutoto, anakimbia."

Akajibu, "Weye unichagulie tu. Weye njo mutoto ya muwindaji."

Nitasema ukweli: nilizipenda zile picha. Moja ina mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, mirefu na mizito. Hiyo ni ya visahani, unasimama mahali pamoja, na uzito wake unapunguza kishindo begani. Nyingine mitutu yake imelala sambamba, nyepesi, kitako kifupi. Mume wangu ana mikono mifupi. Nilimpa mti wa ufagio, nikamwambia afunge macho, nikamrekebisha kiwiko na shavu kama baba alivyonifanyia mimi. Tulicheka sana. Ni muda mrefu hatujacheka hivyo.

Halafu akaniuliza, "Sasa kwa mutu mwenye kutembea mbali, ni gani haiwezi kumuchosha?"

Nikauchukua ule ufagio mkononi mwake. Kwa visahani hakuna anayetembea mbali. Nikamuuliza kama anafikiria Mabalako, na hakukataa.

"Kakao yetu, nani anaivuna? Nitakuwa napiga tu kwale kule, bale ba porini batajua niko na kitu."

Wapendwa, risasi ya kwale ni punje ndogo ndogo za kuangusha manyoya. Wale wa porini waliotukimbiza wana silaha za vita. Wakisikia una bunduki, hawatakuogopa, watakuja kuitafuta. Nilimwambia hivyo nikilia, nikamtaja baba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, hakupandisha sauti.

Jumapili tukitoka ibada akanishika mkono njiani, kitu ambacho hafanyi. Akasema: "Ukisema hapana, nitaacha. Sitakusumbua tena. Lakini ujue, tangu tulikimbia, ile siku ya Kampala njo siku moja tu nilijisikia mutu."

Namjua, ataacha kweli. Shemeji amepiga simu mara kadhaa akitaka jibu langu: "Shemeki, tunakungojea weye." Rafiki yangu mmoja alinishauri nichague ile nzito, itamkalia vibaya na ataiacha mwenyewe. Lakini mume wangu ananiamini. Ataibeba hata ikimvunja bega, na ataenda nayo kulekule.

Nikisema ndiyo, huenda namtuma kule walikompeleka baba yangu. Nikisema hapana, mimi kwa mdomo wangu namrudisha sakafuni dukani, na safari hii sitakuwa na la kumwambia nikimwinua. Nyinyi ambao waume zenu vita vimewarudisha nusu, nishaurini: nimjibu nini mtu huyu?