Kidevu Kifuani

Mimi ni mtu wa hasira, sioni haja ya kuficha. Kwetu Meru wanasema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Kwa hiyo msichana wa Kianjokoma, mwanafunzi wangu wa urubani, aliposhindwa zoezi mara ya tatu, nilimkemea mpaka miwani ikaniteremka puani.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza. Mwanafunzi anavaa kofia ya ukingo mrefu inayomzuia kuona nje. Namwambia, "Funga macho." Kisha naichukua ndege mimi, naipandisha, naizungusha, nailaza upande mmoja, mpaka mwili wake usijue tena juu ni wapi na chini ni wapi. Halafu nasema, "Yako." Anafungua macho, anasoma geji, zile saa za vipimo zilizo mbele yake, na kwa hizo peke yake anairudisha ndege sawa. Kama pua imeelekea chini na bawa moja limelala, anapunguza nguvu ya injini, ananyoosha mabawa, ndipo avute pua juu. Mwili utamwambia mengine. Mwili ni mwongo mkubwa huko angani, hasa ndani ya mawingu, na marubani wazuri wamekufa kwa kuuamini.

Yeye aliuamini. Kila nikisema "Yako," alilaza bawa zaidi badala ya kulinyoosha, akavuta, na ndege ikazidi kujipinda kuelekea mashamba ya mpunga ya Mwea huku nikimnyang'anya usukani. Na katika mambo mengine alikuwa hodari kuliko nilivyokuwa mimi nikiwa na umri wake. Kutua alitua kama anayeweka yai mezani. Mkuu wa chuo akasema basi, atajaribiwa mara moja tu, Jumanne. Akishindwa aende nyumbani, urubani uishie hapo.

Jumapili kabla ya hiyo Jumanne, babake alinialika chakula. Nilikubali kwa sababu mbaya: nilikuwa nimeshaamua kwamba binti hafai, nikataka kumwandaa mzee mapema. Njiani nilipanga maneno, eti kila mtu ana kipaji chake, maneno ambayo mimi nikiambiwa ningerusha kikombe.

Mukimo ukaletwa, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Mama mwenye nyumba akasema tufunge macho tuombe. Aliomba kwa Kiembu, na hakuwa na haraka. Alipitia majani chai, mvua, ng'ombe mgonjwa, serikali, na mimi mgeni wao. Alipofika kwa bintiye sauti ikamkatika. Hapo nikafungua jicho moja, tabia mbaya niliyo nayo tangu shule ya Jumapili. Nikamwona msichana, kidevu kimegusa kifua. Ndugu zake vivyo hivyo. Mzee naye vivyo hivyo. Nilipojichunguza, shingo yangu pia ilikuwa imejikunja bila mtu kuniambia.

Ai! Kumbe hata angani nikimwambia afunge macho huinama hivi hivi!

Ukiinamisha kichwa ndege ikiwa inazunguka, kisha ukakiinua ghafla, maji yaliyo ndani ya sikio huvurugika na dunia yote hubingirika. Unaweza kuapa ndege imepinduka upande ambao haikupinduka. Hilo nalijua, nalifundisha ubaoni kila muhula. Lakini nikiwa angani, baada ya kumwambia afunge macho, nilikuwa naangalia geji. Yeye sikumtazama hata mara moja. Na sisi watu wa huku hufunga macho kabla ya chai, kabla ya mkutano wa wakulima, hata kabla ya safari ya hapo Embu mjini tu, na tangu tukiwa mgongoni mwa mama macho na shingo huenda pamoja. Nilimwuliza binti, akinimiminia maji ya kunawa, kichwa anakiweka wapi akifunga macho ndani ya ndege. Alifikiri kidogo, akasema hajui.

Jumanne mkuu wa chuo alikaa kiti cha nyuma, daftari gotini. Nilimwambia binti aegemeze kisogo kwenye kiti na asikiondoe hata malaika akipita. Nikaipinda ndege vibaya kuliko siku zote, kwa makusudi, kwa sababu sikutaka mtu aje kusema nilimpendelea. "Yako." Akapunguza nguvu. Akanyoosha mabawa. Akavuta pua. Mkuu akataka tena, kisha tena, na hakukosea. Nilikuwa karibu kulia, nikajifanya nasafisha miwani.

Tulipotua, mkuu akaenda zake na binti akabaki akiifunga ndege kamba. Hakunicheka wala hakunishukuru.

"Mwalimu," akasema, "na wale uliowarudisha nyumbani kabla yangu?"

Nyani haoni kundule. Nilijifanya nina shughuli ofisini, lakini swali lilinifuata mpaka kitandani. Alikuwapo mmoja hasa, kijana wa Githongo, mpole, ambaye nilimwandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hana uwezo wa kuwa rubani. Makosa yake yalikuwa yale yale ya binti.

Jumamosi nilienda kwao. Nilimkuta akipogoa mikahawa, amenenepa kidogo, na alinisalimia kwa heshima iliyoniumiza. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama, habari ya maombi, ya shingo, ya sikio. Nikamwomba msamaha, jambo ambalo mke wangu akilisikia hataamini. Nikamwambia akitaka kurudi nitamsimamia mimi, niko tayari kugombana na mkuu.

Alisikiliza mpaka mwisho, makasi mkononi.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," akasema.

"Haikuwa wewe. Ni mimi sikukutazama."

Akakata tawi kavu, akaliweka chini polepole. Akanishukuru kwa kuja, akasema kuhusu kurudi atafikiria. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mama alifariki mwaka jana. Alienda akijua nilishindwa."

Niliinama, nikaanza kuokota matawi aliyoyakata.