Vigelegele Kwenye Banda la Video

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na video zikaanza kuingia, mama yangu alikuwa hajawahi kuona sinema. Siku moja tulitoka Njombe kuuza viazi Makambako. Mvua ikatufukuza sokoni, tukajibanza kwenye banda la video lililojaa wanaume.

Kwenye runinga kulikuwa na mji wa zama zijazo, magari yakipaa angani. Mwanamke mmoja, muuaji wa kukodiwa, aliruka kutoka ghorofa hadi ghorofa, akiwaangusha walinzi wenye bunduki. Mama alinibana mkono.

"Huyo ni mwanamke kweli?" aliniuliza kwa Kibena.

"Ndiyo, mama."

Yule mwanamke alimfikia mtu ambaye yeye alitumwa amuue, akamkuta amepakata mtoto mchanga. Akasita, akashusha bunduki, kisha akawageukia waliomtuma.

Mama akasimama, kitenge chake kikichuruzika maji, akapiga vigelegele. Wanaume wote waligeuka kumtazama. Mmoja akaanza kupiga makofi, na banda zima likafuata.

Sikuwahi kumsikia akipiga vigelegele mahali pengine isipokuwa harusini. Nilibaki nikimkodolea macho yeye, hata sikuona picha ilivyoisha.