Siku Niliyowapeleka Washirika Kuona Shimo

Kuna aibu ya kuteleza mbele za watu, ukajipangusa, mkacheka wote yakaisha, halafu kuna hii yangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nikiwa kazini ghalani kule Malton naweka boksi chini nasimama tu.

Mimi nina ugonjwa wa picha za leza. Ndege hupita juu ya jiji ikimulika ardhi kwa leza, kisha kompyuta inaondoa miti yote na kukuachia udongo mtupu, kila tuta na kila shimo (na picha zenyewe ni za bure, ndiyo maana mke wangu hajanifukuza). Basi nikaona, kwenye bonde nyuma ya magorofa yetu hapa Etobicoke, ughaibuni, kitu cha pembe nne kimechimbwa kwenye mteremko, kingo zimenyooka kabisa. Nikajiambia hayo ni mabaki ya nyumba ya kale, na mvumbuzi ni mimi.

"Baba Njeri, si uende kwanza peke yako uone?" mke wangu akaniuliza.

Laiti ningemsikiliza! Lakini nilitaka mashahidi, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nikawatangazia washirika tukinywa chai, tukashuka bondeni kundi zima na viatu vya kanisani, pasta mbele, mimi nikirusha laivu kwa simu kwenye ukurasa wa kanisa ili hata watu wa nyumbani Kenya waone, nikijisifu njia nzima kama mwanasiasa. Tukakuta shimo limezibwa kwa turubai lililofunikwa majani. Nikalivuta mwenyewe, kwa madaha, simu ikitangulia.

Ndani alikuwa ameketi Mutua.

Mutua aliyekuwa akitupigia kinanda, ambaye tulimfanyia maombi ya safari na kumpa sanduku jipya alipotuaga kwamba amepata kazi Alberta. Sanduku lilikuwa pale, ameliegemea. Alikuwa amekonda sana. Hakunikasirikia, alisema tu, "Bro, zima hiyo kitu. Tafadhali." Nami kwa haraka nikabonyeza kwingine, kamera ikazidi kumsogelea usoni, na kwenye kioo maneno ya watazamaji yanapita, mmoja ameandika kutoka Machakos: "Huyo si Baba Mwende? Mbona aliniambia ako Alberta?"

Aliyeandika alikuwa mke wa Mutua.

Pasta alimsihi aje nasi, akasema atakuja kesho. Kesho yake tulirudi na blanketi na chakula tukakuta shimo tupu, na baridi ndiyo ilikuwa inaanza. Nililia palepale mbele ya pasta.

Nimeapa sitafunua tena kitu kilichofichwa kabla sijajua kama kuna mtu anayekihitaji kibaki hivyo. Lakini Mama Mwende hunipigia simu. "Ndugu, si wewe uko na hiyo mashine ya kuona chini ya miti? Nitafutie." Namweleza kwamba ndege haipiti kila siku, kwamba picha nilizo nazo zinaonyesha alipokuwa tu. Ananiomba niangalie hata hivyo, nami nafungua kompyuta.