Nilivyochagua vyombo vya kuvulia jodari ili nikubaliwe ukweni, kisha adabu ikaniponza

Wakuu, salaam kutoka Brussels, mji ambao jua hutoka kwa miadi. Nitakayoyaeleza ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kuliko hii.

Nipo huku kwa masomo ya uzamivu. Utafiti wangu unahusu namna watu wanavyofanya maamuzi wakiwa na taarifa pungufu. Likumbukeni hilo mnapoendelea kusoma, na kila mmoja acheke kwa wakati wake.

Mchumba wangu ni Furaha, mzaliwa wa Bukavu aliyekulia hapa. Baba yake, Papa Bahati, anaishi mtaa wa Koekelberg, hapa hapa Brussels. Mzee hakuwa na shida na Utanzania wangu wala kanisa langu. Shida yake aliitaja mezani, sombe, yaani kisamvu chao, ikiwa bado ya moto:

"Mutoto yangu hataolewa na muntu wa kuwaza-waza. Ulisema utaleta barua ya posa ku Pasaka. Pasaka ilipita. Alors?"

Nilimweleza kwamba nilikuwa bado nalinganisha miundo mbalimbali ya barua.

Furaha alinikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa, Papa Bahati ana ugonjwa mmoja. Kila kiangazi yeye na shemeji yake, Tonton Safari, hukodi boti kusini-magharibi mwa Ufaransa na kwenda mbali baharini kuvua jodari aina ya albacore, yule mwenye mapezi marefu ya ubavuni.

"Bon," akasema. "Mwaka huu unakuja na sisi. Vyombo vyote utachagua weye. Nataka nione kama unaweza kukata shauri."

Mtu wa kawaida angeingia dukani, akauliza, akanunua. Mimi, wakuu, nilifanya mapitio ya maandiko.

Niligundua kuna njia kuu tatu. Unaweza kuwarushia jodari samaki wadogo walio hai kama chambo. Unaweza kushusha kipande cha chuma chenye ndoano na kukirusharusha kilindini. Au unaweza kufanya trolling, yaani kukokota chambo bandia nyuma ya boti inayotembea. Kila njia ina wafuasi wake, na wafuasi hao hutukanana mitandaoni kwa ari ambayo sijaiona hata kwenye siasa zetu.

Nilichagua trolling, kwa kuwa bahari ni kubwa na hujui samaki alipo, hivyo ni heri chambo kitembee kumtafuta. Chambo: ngisi wa plastiki, wa rangi nzito kwa asubuhi kabla mwanga haujakolea, wa waridi na kijani kwa mchana. Ndoano: zisizo na vijino vya kuzuia, ili zichomoke haraka mdomoni mwa samaki. Breki ya rili, lile gurudumu la kuzungushia mshipi: nilegeze kiasi, kwa sababu mdomo wa albacore ni laini na ukimkazia unachanika. Mishipi: urefu tofauti, ili isisokotane boti inapokata kona.

Furaha, baada ya kunisikiliza jioni nzima nikijadili vivuli vya waridi, aliuliza kwa upole: "Huyo samaki naye ameombwa maoni?"

Niliendelea.

Siku ya safari tulitoka bandarini na nahodha Mfaransa, mtu mkavu aliyekagua vyombo vyangu na kutikisa kichwa kukubali. Nusura nilie kwa furaha. Tonton Safari alilala sakafuni tangu tulipoacha ghuba, akiwa amekumbatia ndoo, lakini mdomo haukuugua.

"Professeur," aliniita kutoka huko chini, "ukitapika, utaandikia na conclusion?"

Nahodha alitukumbusha kanuni moja tu, na Papa akanitafsiria: mmoja wetu akinasa samaki, boti haisimami na mishipi mingine haiguswi. Albacore huenda kwa kundi. Wenzake hufuata nyuma na kushambulia chambo kilichobaki.

Niliijua kanuni hiyo, wakuu. Nilikuwa nimeipigia mstari.

Jua lilipopanda, fimbo ya kuvulia ya Papa Bahati ilipinda na rili ikalia. Ngisi wa waridi! Uteuzi wangu! Mzee akashika fimbo, mshipi unakimbia, nami moyoni najiona tayari nimevaa suti ya harusi.

Hapo ndipo malezi yaliponipata.

Nyumbani Same bibi alinifundisha kwamba mkwe hashindani na baba wa mke. Yeye akinyoosha mkono, wewe unarudisha wako. Nikaona mishipi yangu bado iko majini kando ya ule wa mzee, kama kijana anayegombania mnofu kwenye sinia. Bila kufikiri, mimi ambaye hufikiria hata upande wa kupasua yai, nikakunja mishipi yangu yote, nikasimama pembeni, mikono nyuma.

Nahodha alipiga kelele zilizojaa maneno nisiyofundishwa darasani. Nyuma yetu maji yalichemka kidogo kwa samaki waliokuja wakakosa cha kushika, kisha yakatulia. Kundi likaenda zake.

Papa alimwingiza samaki wake, akafuta jasho, akanigeukia.

"Ulivuta mishipi yako juu ya nini?"

"Sikutaka kushindana nawe, baba mkwe."

Akaiweka fimbo chini.

"Baba mukwe? Nani alikuambia mi niko baba mukwe wako?"

"Eh, mi Safari nimesikia," Tonton alisema kutoka kwenye ndoo.

Nilitamani albacore aliyekuwa sakafuni anipishe nafasi yake.

Tulizunguka saa nyingi bila kitu. Alasiri, hatimaye, fimbo iliyopinda ikawa yangu. Niliishika, nikapambana. Nilipoinua macho, Papa Bahati alikuwa akikunja mishipi yake, taratibu, wote. Akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Papa, kundi!" nikapiga kelele. "Rudisha majini!"

"Mais non. Na mimi niko na adabu."

Nahodha alizima sigara yake na kutazama mbinguni.

Tulirudi na samaki wawili. Boti ya jirani ilishusha makreti ya samaki. Gatini Papa alibeba samaki wangu yeye mwenyewe, akasema bila kunitazama:

"Bon. Mukwe, leta ile barua. Mais ukurasa moja tu."

Nilichojifunza: unaweza kuchagua kila chombo kwa usahihi, na bado yakaamua yale uliyofundishwa na bibi yako. Bado sipati usingizi, na sijui kama ni kwa samaki au kwa neno "mukwe".

Sasa mliowahi kuposa kwa Wakongo, nisaidieni kwa dhati. Barua imetosha ukurasa mmoja, lakini ina tanbihi.

Niziondoe?